Feni ya fanesi haizimi: utengeneze mwenyewe, uite fundi wa jamaa, uite kampuni, au umwachie mwenye nyumba?

Kwa mtu aliyehamia Minnesota, Ohio au Ontario akitokea Dar, Mombasa au Bukavu, fanesi ni kifaa kigeni: sanduku refu la bati lililosimama besimenti au ndani ya kabati, linachoma gesi na kusambaza hewa ya moto nyumba nzima. Anayeisukuma hewa hiyo ni feni kubwa iliyo ndani yake. Siku feni ikikataa kuzima, nyumba inavuma usiku kucha, koo linakauka, bili ya umeme inapanda, na mtu anaingia kwenye kundi la WhatsApp la jumuiya kuuliza nani anajua fundi. Majibu yanamiminika. Mmoja anasema zima breka ulale, mwingine ana binamu yake anayefanya kazi hizo, wa tatu anaonya usiguse kitu, piga simu kampuni. Kila mmoja huenda anasema kweli kwa nyumba yake.

Hapa nazungumzia fanesi za gesi zinazopuliza hewa ya moto, kwa kuwa ndizo zimejaa katika majimbo ya baridi ya Marekani na Kanada. Nitazipima njia nne kwa vigezo vilevile. Lakini kabla ya kuchagua njia yoyote, kuna mambo ya bure ya kufanya, na mara nyingi yanamaliza shida yenyewe.

Kwanza, hewa inakwambia nini

Anzia kwenye thamostati ukutani. Ina swichi ya feni yenye maneno ON na AUTO. Ikikaa kwenye ON, feni itazunguka saa 24 hata moto ukiwa umezimwa, na mtoto anaweza kuigusa akipita. Irudishe AUTO, kisha uwe na subira kidogo, kwani fanesi za kisasa huiacha feni iendelee kwa dakika moja na nusu hadi tatu baada ya moto kuzimika, ili joto lililobaki kwenye chuma lisipotee bure. Thamostati janja zina jambo jingine la kuangalia. Nest ina ratiba ya feni, na ecobee ina mpangilio wa dakika ambazo feni lazima izunguke kila saa. Aliyekaa nyumba hiyo kabla yako anaweza kuwa aliacha mipangilio hiyo.

Bado inavuma? Weka mkono juu ya tundu la hewa, ukae hapo kama robo saa. Sijui uchunguzi mwingine wa bei rahisi unaokupa habari nyingi kiasi hiki.

Ikija hewa ya kawaida ya chumbani, na nyumba inaendelea kupata joto kama ilivyozoea, basi feni inapewa umeme isipostahili. Huenda thamostati ni mbovu, nyaya zake zimegusana ukutani, au rilei (swichi ndogo ya umeme inayowasha feni) iliyo kwenye bodi ya fanesi imenasa. Inaudhi na inakula umeme, ila haina hatari ya papo kwa papo.

Ikija hewa ya moto, halafu vuguvugu, halafu moto tena, na nyumba haifiki kwenye joto uliloliweka, fanesi inapata joto kupita kiasi. Ndani yake kuna swichi ya kikomo cha joto. Chuma kikizidi kuwaka, swichi hiyo inakata gesi na kuiacha feni ipoze. Feni yako hapo haijaharibika hata kidogo, inailinda nyumba. Chomoa filta uimulike kwenye taa. Kama mwanga haupiti, umempata mchawi. Nunua yenye vipimo vilevile vilivyoandikwa ubavuni, kwa mfano 16x25x1, na mshale uliochorwa uelekee upande wa feni. Fungua matundu yote ya hewa, na uondoe kochi lililoziba lile kubwa linalovuta hewa kurudi kwenye fanesi. Watu wengi wanaopenda hewa safi hununua filta nene ya daraja la juu kama MERV 13 (MERV ni kipimo cha uwezo wa filta kuchuja vumbi) kwa fanesi iliyozoea filta nyembamba ya inchi moja, na baadhi ya fanesi zinakosa pumzi kwa sababu hiyo.

Ikija hewa baridi tupu na nyumba inazidi kupoa, swichi ya kikomo imebaki wazi, yaani imekata na haijarudi, au kinga nyingine ya usalama imeufungia moto. Kwenye mlango wa fanesi huwa kuna kidirisha kidogo cha duara, na ndani yake kitaa kinachopepesa. Hesabu mipepeso uilinganishe na jedwali lililobandikwa mgongoni mwa mlango. Rekodi kwa simu kabla hujazima umeme, maana katika bodi nyingi ukizima umeme ujumbe huo unafutika.

Na ikija hewa ya moto isiyokatika ilhali thamostati imeshafika, moto wenyewe haujazimika. Hapo usilinganishe chochote. Zima swichi ya fanesi, ile inayofanana na ya taa iliyo karibu nayo, funga valvu ya gesi (mkono wake ukikingama na bomba, imefungwa), kisha uite kampuni yenye leseni. Ukisikia harufu ya gesi, ile ya mayai yaliyooza, usiguse swichi yoyote: toka na familia yako, mpigie mtoa gesi mkiwa nje. King'ora cha kaboni monoksidi kikilia, au watu wote ndani wakaumwa kichwa, kizunguzungu na kichefuchefu kwa pamoja, tokeni mpige 911. Kaboni monoksidi haina rangi wala harufu, kwa hiyo usingoje pua ikuambie.

Vigezo ninavyotumia

Cha kwanza ni gharama, pamoja na ile ya kuchelewa. Mota ya feni ya aina ya zamani hula takribani wati 400 hadi 600. Tuseme 500: hizo ni uniti 12 kwa siku, uniti 360 kwa mwezi, na kwa senti 16 kwa uniti unafikia karibu dola 58. Mota mpya zinazojipunguza mwendo hula kidogo zaidi, wakati mwingine chini ya wati 200 zikienda polepole. Cha pili ni usalama: njia hii inakukaribisha kiasi gani kwenye gesi, kwenye umeme wa volti 120 na kwenye kinga za moto. Cha tatu ni muda, ukiutazama pamoja na baridi. Ukizima breka ili upate usingizi, umezima na joto pia, na Januari ya Minnesota hushuka hata chini ya nyuzi −20 za Selsiasi. Mabomba ya maji yakiganda na kupasuka, gharama ya feni utaisahau. Cha nne ni nani anabeba kosa likitokea: dhamana ya kiwandani, bima ya nyumba, mkataba wa kupanga.

Njia ya kwanza: kutengeneza mwenyewe

*Gharama.* Ndiyo nafuu kuliko zote. Swichi ya kikomo mara nyingi hupatikana kwa dola 15 hadi 40, thamostati ya kawaida kwa 30 hadi 60. Bodi ya fanesi ni ghali, dola 100 hadi 400 kulingana na modeli. Ongeza testa ya umeme, yaani maltimita, kama huna. Tatizo la njia hii kifedha ni kubahatisha: ukinunua bodi ya dola 300 kumbe waya ulikuwa umetafunwa na panya, maduka mengi hayapokei tena vifaa vya umeme.

Kwa hiyo pima kwanza. Vuta uso wa thamostati utoke kwenye kibao chake ukutani, usubiri dakika tano. Feni ikinyamaza, thamostati ndiyo mbovu, na kuibadilisha ni kazi ya bisibisi na picha ya nyaya uliyopiga kabla ya kuzichomoa. Ikiendelea kuvuma, zima swichi ya fanesi, fungua mlango, tafuta kwenye bodi skrubu yenye herufi G. Waya wake kwa desturi ni wa kijani, ila uamini herufi kuliko rangi. Uchomoe, funga mlango, washa. Feni ikitulia, hitilafu iko kwenye waya kati ya ukuta na fanesi. Isipotulia, imebaki rilei ya bodi au swichi ya kikomo. Hiyo ya pili hupimwa umeme ukiwa umezimwa na nyaya zake mbili zimechomolewa: ikiwa imepoa, testa ionyeshe mkondo unapita. Usipopita, imekufa. Mpya lazima ilingane na ya zamani kwa namba. Iliyoandikwa L160-30, kwa mfano, inakata kwenye nyuzi 160 za Farenhaiti na kurudi ikishapoa nyuzi 30, kwa hiyo ukiweka ya 200 mahali pake umeondoa ulinzi wenyewe.

Nyumba za zamani zina kitu tofauti ambacho kinastahili kuangaliwa kwa makini. Ukiona kisanduku cha chuma cha Honeywell chenye kifuniko, ndani yake kuna kidude cha duara chenye namba za joto na vielekezi vitatu: cha kuzima feni, cha kuwasha feni, na cha kikomo. Pembeni kuna kitufe cheupe kinachobadilisha feni kati ya kujiendesha yenyewe na kuzunguka muda wote. Soma maandishi yaliyo kando yake, ukirudishe kwenye hali ya kujiendesha. Kwa feni isiyozima, kitufe hicho kinaponya wengi. Pia kielekezi cha kuzima feni kikiwa kimeshushwa mno hadi kukaribia joto la chumba, feni haiwezi kuzima kamwe. Kawaida yake ni karibu nyuzi 90 hadi 100 za Farenhaiti. Ukisogeza kielekezi, shika duara kwa mkono wa pili lisizunguke, maana nyuma yake kuna koili laini ya metali mbili, na ukilizungusha kwa nguvu vipimo vyote vinapotea.

*Usalama.* Nyaya za thamostati ni za volti 24, hazina shida kubwa. Ndani ya sanduku ni volti 120, na kapasita ya mota hubaki na chaji hata umeme ukiwa umezimwa. Mlango una swichi inayokata umeme ukifunguliwa. Usiibane kwa tepu ili ufanye kazi wazi. Kuna jambo moja nakusihi usilifanye kwa hali yoyote: kuunga dairekti swichi ya kikomo ili moto uwake. Tumezoea nyumbani kuona fundi akiruka swichi iliyokufa, na pampu au pasi ikaendelea na kazi. Kwenye fanesi, swichi hiyo ndiyo inayosimama kati ya chuma chekundu na ukuta wa mbao.

*Muda.* Dakika kumi ikiwa ni filta, siku mbili tatu ikiwa unasubiri kifaa kuletwa.

*Kosa linamwangukia nani.* Wewe. Fanesi ambayo bado ina dhamana inaweza kuipoteza ikiguswa na asiye fundi wa leseni, hivyo tazama makaratasi kwanza.

Njia hii inamfaa mwenye nyumba yake, anayejua kutumia testa, ambaye hewa yake imeonyesha dalili ya kwanza au ya pili. Haimfai anayepanga, wala yule ambaye kitaa chake kinataja moto uliotoka nje ya chumba chake. Hiyo kinga ina kitufe kidogo cha kubonyeza kuirejesha, na wengi wanakibonyeza tena na tena. Ikishakata, kuna sababu, na sababu hiyo ni ya mtu mwenye vipimo vya gesi.

Njia ya pili: fundi wa jamaa

Huyu ni yule kaka anayefanya kazi mchana kwenye kampuni na jioni anasaidia watu wa jumuiya, au mzee aliyejifunza kwa miaka mingi kwenye majengo. Nampa uzito sawa na wengine, kwa sababu ameokoa nyumba nyingi ambazo hazikuwa na hela ya kampuni.

*Gharama.* Kwa kawaida chini ya nusu ya kampuni, na mnaweza kuelewana alipwe mwisho wa mwezi. Kifaa mnakinunua pamoja, bei unaiona.

*Usalama.* Hapa tofauti kati ya mtu na mtu ni kubwa kupindukia. Muulize bila kuona haya: umeshawahi kutengeneza fanesi ya gesi, au viyoyozi tu? Wengine wanaonyesha kadi ya EPA 608. Kadi hiyo ni halali na ya maana, lakini inahusu gesi ya kupozea ya viyoyozi na friji. Haithibitishi chochote kuhusu moto wa gesi. Fundi mzuri atatoa testa kabla ya kutoa bisibisi. Atakuonyesha kifaa kilichokufa na kukuachia. Akisema "hii tuipite tu, itafanya kazi," mshukuru kwa kuja, mpe nauli yake, umsindikize.

*Muda.* Ndiye mwepesi kufika. Saa nne usiku wa Jumamosi kampuni inakutoza ya dharura. Yeye anakuja baada ya chakula. Na anakueleza kwa Kiswahili, jambo lenye thamani kwa mama mzee anayebaki nyumbani na fanesi hiyo mchana kutwa, maana ataelewa kitaa kikipepesa maana yake nini.

*Kosa linamwangukia nani.* Kimaandishi, hakuna. Hana bima ya kazi, risiti yake ni neno lake. Moto ukitokea, kampuni ya bima ya nyumba inaweza kuuliza nani aliigusa fanesi na kwa kibali gani. Na undugu unaleta ugumu wake: kazi ikiharibika, ni vigumu kumdai mtu mnayekutana naye msikitini au kanisani kila wiki. Kubalianeni mapema mbele ya mtu wa tatu, kwa heshima, nini kitafanyika ikirudia.

Anamfaa mwenye nyumba mwenye hitilafu ya umeme mdogo: thamostati, waya, rilei, swichi ya kikomo. Kazi ya valvu ya gesi, bomba la moshi au chumba cha moto usimpe, hata akiwa mtoto wa shangazi yako.

Njia ya tatu: kampuni yenye leseni

*Gharama.* Ada ya kufika peke yake mara nyingi ni dola 75 hadi 200, na usiku au siku ya sikukuu inapanda. Kubadilisha bodi kupitia kampuni kunaweza kufika dola mia kadhaa. Ukipiga simu, uliza mambo mawili: ada ya kufika inakatwa kwenye bei ya matengenezo au la, na bei ni ya saa au ya kazi nzima.

*Usalama.* Hapa hakuna anayewazidi. Wana kipimo cha kaboni monoksidi, kipimo cha mgandamizo wa gesi, kamera ndogo ya kuchungulia ufa kwenye chuma kinachotenganisha moto na hewa mnayovuta. Kanuni za leseni zinatofautiana jimbo kwa jimbo na mji kwa mji, kwa hiyo iulize namba ya leseni na uthibitisho wa bima.

*Muda.* Wiki ya kwanza ya baridi kali foleni ni ndefu. Eleza dalili vizuri utasogezwa mbele: "feni haizimi, hewa ni baridi, nyumba imeshuka hadi nyuzi 55 za Farenhaiti, kuna mtoto mchanga" kunaeleweka kuliko "hita imeharibika." Kama Kiingereza kinakupa shida, kampuni nyingi kubwa zinaweza kuunganisha mkalimani kwenye simu, liombe hilo mwanzoni.

*Kosa linamwangukia nani.* Wao. Kazi ina dhamana ya maandishi, na dhamana ya kiwandani inabaki hai. Wengi hawajui kwamba vifaa vya fanesi mara nyingi vina dhamana ya miaka 5, inayofika 10 iliposajiliwa mapema baada ya kufungwa. Bodi unayotaka kuinunua huenda ni ya bure, ulipie kazi ya fundi tu. Piga picha kibandiko chenye modeli na namba ya mfululizo ndani ya mlango, uwasomee.

Kuna jambo linalowaumiza wageni kwenye njia hii, nami linanikera: kuitwa kwa ajili ya feni, ukauziwa fanesi nzima. Fanesi huishi takribani miaka 15 hadi 20, kwa hiyo pendekezo hilo linaweza kuwa la haki. Omba ushahidi. Akisema chuma cha ndani kina ufa, akuonyeshe picha na usomaji wa kaboni monoksidi, na akuachie kwa maandishi. Unayo haki ya kutafuta fundi wa pili kabla ya kusaini mkopo. Ila wakati unamtafuta, fanesi ibaki imezimwa, maana ufa wa kweli unaua.

Kampuni inamfaa mwenye dalili ya tatu au ya nne, mwenye fanesi changa yenye dhamana, mwenye watoto wadogo au wagonjwa ndani, na anayetarajia kuuza nyumba akihitaji makaratasi.

Njia ya nne: kumwachia mwenye nyumba

*Gharama.* Sifuri kwenye matengenezo. Lakini kama bili ya umeme ni ya jina lako, kila siku anayochelewa unalipa wewe, hivyo hifadhi bili za kabla na baada.

*Usalama.* Sawa na wa mtu atakayemtuma. Una haki ya kuuliza ni nani anakuja.

*Muda.* Hapa ndipo watu wanateseka. Wengi wetu tunaona aibu kumsumbua mwenye nyumba, tunasema tuvumilie hadi Jumatatu. Usivumilie kimya. Piga simu, kisha siku hiyohiyo andika ujumbe wenye tarehe, saa, joto la chumbani na video ya feni ikivuma. Simu haiachi alama, maandishi yanaacha. Sheria inaangalia joto, haiangalii kelele. Minnesota inamtaka mwenye nyumba atoe angalau nyuzi 68 za Farenhaiti, yaani 20 za Selsiasi, kuanzia tarehe 1 Oktoba hadi 30 Aprili. Chicago ni kuanzia 15 Septemba hadi 1 Juni: nyuzi 68 mchana na 66 usiku. Kwa hiyo kama feni inavuma lakini nyumba ina joto, unaomba matengenezo ya kawaida. Kama inapuliza baridi na kipimajoto kimeshuka chini ya namba hizo, unaomba dharura, nawe una sheria nyuma yako. Minnesota mpangaji aliyekatikiwa joto anaweza kufungua shauri la dharura mahakamani.

*Kosa linamwangukia nani.* Mwenye nyumba, mradi hukuigusa fanesi. Ukiifungua mwenyewe au ukamleta fundi wa jamaa bila ruhusa ya maandishi, umempa sababu ya kukutupia lawama na pengine kukukata amana yako.

Njia hii ni ya kila anayepanga. Thamostati ni yako kuigusa, na filta pia ikiwa mkataba unasema ni kazi ya mpangaji. Usiende mbali zaidi ya hapo.

Kwa hali yako

Unapanga, hewa ni ya kawaida na nyumba ina joto: angalia swichi ya feni na filta, kisha mwandikie mwenye nyumba leo hii. Hakuna haja ya kuzima breka usiku. Vumilia kelele kuliko kulala bila joto.

Unapanga, hewa ni baridi na nyumba inashuka: piga simu, andika, piga picha kipimajoto kila baada ya saa chache. Akinyamaza, piga idara ya ukaguzi wa nyumba ya mji wako. Chicago namba ni 311. Acha mabomba yadondoshe maji kidogo kidogo na ufungue makabati ya chini ya sinki ili joto liyafikie.

Nyumba ni yako, moto na vuguvugu vinapokezana: filta na matundu ya hewa kwanza. Ukishabadilisha na bado inarudia siku ya pili, uchafu unaweza kuwa kwenye koili ya kiyoyozi iliyokaa juu ya fanesi au mota imechoka. Kuisafisha koili kunahitaji kufungua mabati, na ni kazi ya kampuni au ya fundi wa jamaa aliyewahi kuifanya.

Nyumba ni yako, hewa ni ya kawaida, una testa na huogopi bisibisi: fuata vipimo vya thamostati na waya wa G, ununue kile tu vipimo vilichokionyesha. Huna testa, fundi wa jamaa mwenye sifa anatosha.

Nyumba ni yako, ni baridi tupu, nje ni chini ya nyuzi sifuri, na huna hela ya kampuni: usikimbilie mkopo wa fanesi mpya kwanza. Piga 211, namba ya simu ya huduma za jamii, uulizie LIHEAP, mpango wa serikali kuu ya Marekani wa kusaidia familia za kipato cha chini kwenye gharama za nishati. Katika majimbo kadhaa, Minnesota ikiwemo, sehemu ya fedha hizo husaidia wenye nyumba wanaostahili kutengeneza au kubadilisha mfumo wa joto uliokufa. Mpigie pia mtoa gesi wako kuuliza kama ana mpango wake. Wakati unangoja, hita ndogo ya umeme ichomekwe moja kwa moja ukutani, bila ekstensheni, mita moja mbali na mapazia na matandiko. Usiwashe oveni ya gesi wala jiko la mkaa ndani kwa ajili ya joto, hata kwa saa moja.

Fanesi yako ina umri wa chini ya miaka kumi, chochote kile hewa inachosema: piga picha kibandiko, ulizia dhamana kabla hujamruhusu mtu yeyote kufungua mlango wake.